Bei ya Shangazi

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe tisa ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi. Watu wanadhani yaliharibika Jumatatu ya wiki ile, siku vijana wa ofisi ya mji walipoingia uani kwangu na kopo la rangi nyekundu, wakachora alama ya X kwenye ukuta, kwenye banda, na kwenye mlango wa dereva wa gari la marehemu mke wangu. Hapana. Ile X ilikuwa tusi tu, na matusi ya wakubwa nimeshayazoea. Mambo yaliharibika Ijumaa, siku walipokuja kuomba radhi.

Barabara ya kwetu inapanuliwa. Kila kilichomo ndani ya mstari wao kinaondoka, na banda langu la mabati limo ndani ya mstari. Mwenye ukuta analipwa ukuta, mwenye mti analipwa mti. Gari lililokuwa chini ya banda wao waliliandika "chuma chakavu". Maana yake watakuja na lori lenye winchi, walinyanyue, walipime kwenye mizani kama wanavyopima misumari, kisha wanilipe kwa kilo.

Gari lenyewe tunaliita Shangazi. Jina alilitoa binti yangu alipokuwa mdogo, kwa sababu, alisema, linakuja likinguruma na kila mtu anajipanga. Mke wangu alikuwa mkunga. Alilinunua kwa mshahara wake mwenyewe, kutoka kwa daktari mmoja aliyekuwa anahama, wakati mimi bado natembea kwa miguu na mfuko wa spana begani, maana kazi yangu ni ufundi bomba. Mimi niliishia darasa la nne. Yeye alinipita kwa kila kitu, shule, mshahara, hata urefu, na sijawahi kuona haya kulisema hilo mbele za watu. Ndani ya Shangazi yeye ndiye aliyeshika usukani. Mimi nilishika mkoba wake.

Kwa miaka yote tuligombana juu ya jambo moja tu, nalo ni rangi. Kijani cha Shangazi kilikuwa kimepauka kama pazia la wodini. Juu ya boneti, pale palipofutwa sana, bati lilikuwa linakaribia kuchungulia. Kila nikipata kazi ya maana, nikalipwa vizuri, nilimwambia, mama watoto, tumvalishe Shangazi. Akanijibu kwamba hata uso wake yeye umepauka, mbona sijampeleka kupakwa rangi. Nani mwenye akili timamu anajibu hilo? Alimwosha kwa maji matupu na kitambaa cha fulana, akamfunika shuka kuukuu, na hakuna fundi aliyeruhusiwa kumsogelea na nyundo wala brashi. Nilimwona mbahili. Majirani nao walimwona mbahili. Yeye akaendelea kufuta.

Alipougua, hospitali ileile aliyoitumikia maisha yake yote ilikuwa na dawa. Ila dawa ilikuwa kabatini, kabati limefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa kwenye semina. Sitaendelea hapo. Nasema tu ili ujue nikisikia neno "ofisi" nakumbuka nini.

Basi, baada ya ile X nilikwenda ofisi ya mji. Mkubwa wa kazi ya barabara ni bwana mmoja tunayemwita Kofia, kwa kuwa ile kofia ngumu ya ujenzi haivui hata akiwa amekaa mezani, kana kwamba dari ya ofisi yao haiamini. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilimwambia yote, pamoja na mengine ambayo hayakuhusu barabara. Bwana Kofia akanisikiliza. Akanipa kiti. Akasema vijana walikosea, alama haipaswi kuwekwa juu ya mali ya mtu namna ile, na kwamba ofisi itarekebisha bila gharama yoyote kwangu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyepewa cheo. Nikamwambia binti yangu, umeona? Ukisimama wima wanakusikia. Binti yangu akanitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama, akaendelea kuchambua mboga.

Ijumaa nilitoka alfajiri kwenda kuziba tangi la maji la shule. Niliporudi, saa nne, nikamkuta mtu uani anafunga makopo yake. Mlango wa dereva ulikuwa unang'aa. Haukuwa na X. Haukuwa na kitu kingine chochote pia. Alikuwa ameupaka wote, juu mpaka chini, kwa kijani kile cha mageti ya ofisi ya mji, maana kilikuwa kimebaki kwenye debe. Hata kitasa alikizungushia brashi kwa uangalifu, ulimi nje, kama anapaka mtoto dawa ya jicho. Akaniambia mkubwa amesema pole. Nilitafuta pa kukaa, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kifudifudi.

"Mzee amefurahi mpaka miguu imekosa nguvu," akamwambia binti yangu.

Wakati ule nilijua tu kwamba ni mbaya. Mlango mmoja wa geti, mitatu ya pazia la wodini. Ubaya wenyewe hasa nilikuja kuelezwa na mthamini.

Huyo mthamini aliletwa na mfanyabiashara wa mbao. Mtu wa Mbao, nitamwita hivyo, ana ghala kubwa kando ya mji, na upande mmoja wa ghala ameweka magari ya zamani, kila moja na kivuli chake. Alimpenda Shangazi tangu mke wangu yu hai. Alikuwa anasimama getini, anamsalimia mke wangu, halafu anamsalimia gari. Baada ya msiba hakuja na maneno ya biashara mpaka mimi mwenyewe nilipomwita, siku nilipoona barabara inakuja na sina pengine pa kumweka. Tukakubaliana kwamba aje mthamini mwenye leseni, aseme bei ya haki, naye atalipa hiyohiyo bila kuvutana. Muhuri wa mthamini huyo unatambuliwa na ofisi ya mji yenyewe, kwa hiyo karatasi yake ingemtoa Shangazi kwenye orodha ya vyuma chakavu. Kuondoka, Shangazi angeondoka tu. Nilichokuwa nakipigania ni aondoke akiwa nani. Sikuwa tayari kitu ambacho mke wangu alikifuta kwa fulana maisha yake yote kipimwe kwa kilo na watu wasioweza kufungua kabati.

Nilitegemea mzee mwenye miwani. Akaja mwanamke wa rika la binti yangu, amevaa ovaroli, kurunzi imechomoza mfukoni. Binti yangu akambatiza Kurunzi kabla hajafika barazani. Alinisalimia shikamoo, akaomba maji ya kunawa mikono, akanawa kabla ya kugusa gari. Hapo nikaanza kumpenda.

Nikaanza pia kumsimulia. Bonde lile kwenye bampa la nyuma, nikamwambia, lilitokana na bwana mmoja ambaye mkewe alikuwa na uchungu. Aliambiwa afungue geti, na kwa kuchanganyikiwa akalifunga Shangazi akiwa katikati. Nilikuwa na mengine kama hayo ya kutosha mpaka jioni. Akaniinulia kiganja taratibu.

"Baba, hadithi nitazisikiliza zote nikimaliza," akasema. "Sasa hivi nataka niongee na gari."

Mtu wa Mbao akakohoa ili asicheke. Nikakaa kwenye ndoo.

Sijapata kuona mtu akiongea na gari namna ile. Alitoa sumaku iliyoviringishwa kitambaa laini, akaipitisha kila mahali, mabawa, boneti, chini ya milango, na kila mahali ilinata. Akanieleza bila kugeuka kwamba penye puti, ile lipu ya kuzibia mabati yaliyooza, sumaku hudondoka. Kwa Shangazi haikudondoka. Akasoma alama ndogo zilizo kwenye pembe za vioo, kimoja baada ya kingine, vyote vikawa vya kiwanda kimoja na mwaka mmoja, hakuna kilichowahi kubadilishwa. Akalala chini akaangalia boliti kama zimewahi kufunguliwa. Akalinganisha namba ya injini na ile ya kwenye kibati cha kiwanda. Akafungua buti, akainua zulia, akaingiza kichwa kizima, akanusa. Kiti cha nyuma kilikuwa na doa, akaligusa, akamtazama binti yangu.

Binti yangu akasema pale alizaliwa mtu. Sasa hivi ni askari wa barabarani, na anatupiga faini kama hatujuani.

Kurunzi alicheka, lakini aliandika. Kisha akafungua boneti, akamulika ndani.

"Nani aliweka bomba hili la shaba?"

"Mimi," nikasema, na nilisimama kabisa kulisema. Lile bomba la rejeta nililikunja mwenyewe, shaba safi ya mabomba ya nyumbani, halijavuja tangu siku hiyo. Ni kazi ambayo ningeweza kuiweka sebuleni.

"Kazi nzuri sana, baba." Akaandika.

"Umeandika nini?"

"Nimepunguza."

Mtu wa Mbao safari hii alicheka waziwazi. Nikamuuliza Kurunzi ni wapi duniani mtu anapunguziwa kwa kitu kisichovuja. Akanijibu kwa upole kwamba bomba langu ni bora kuliko la kiwandani, na hilo ndilo tatizo lake, maana si la gari hili. Akakaa kwenye ngazi ya baraza, akanieleza kama unavyomweleza mkwe. Alisema magari ya zamani yaliyopakwa upya, yakashonewa viti vipya, yakang'arishwa, yapo mengi, na mwenye hela anaweza kutengenezewa lingine kesho. Lakini gari ambalo halijaguswa haliwezi kutengenezwa. Rangi ya kwanza ikitolewa imetoka, hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa hiyo huko kupauka, huko kuchakaa juu ya boneti, hata lile bonde la geti, wanaojua hawavipunguzii bei. Wanachonunua ni hivyo hasa. Akasema katika kazi yake amekutana na magari machache sana ya umri huu ambayo hakuna mtu aliyeyaonea huruma kwa brashi.

"Nani alizuia lisipakwe?" akauliza.

Mimi nilitazama chini. Binti yangu ndiye aliyejibu.

"Mama. Baba alitaka kila mwaka."

"Alikuwa fundi?"

"Mkunga."

Kurunzi akaitikia kwa kichwa polepole, akasema basi ndiyo maana, alizoea kujua wakati wa kutogusa.

Sijui niseme nini kuhusu nilivyojisikia. Mke wangu alishindana na mimi, na majirani, na mafundi wote wa mtaa, akishika kitambaa cha fulana tu, na leo amekuja mtu mwenye muhuri kutuambia kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa sahihi. Nilitamani majirani wote waitwe. Nilitamani hata yule wa semina aitwe.

Halafu Kurunzi akainuka akaenda kwenye mlango wa dereva. Alikuwa ameuacha mwisho. Aliulaza mwanga wa kurunzi juu yake kiubavu, akapumua kwa pua. Aliuliza ni lini. Nikamwambia Ijumaa, na nikamwambia nani, na nikaongeza ninayoyafikiri juu yao, ambayo sitayaandika. Akachuchumaa chini ya kitasa, akapitisha ukucha. Kipande kidogo cha kijani cha geti kikabanduka kama ganda la kitunguu.

Yule mpakaji rangi wao hakupiga msasa. Hakufuta hata vumbi. Alipaka juu ya uchafu akaenda zake, na chini ya uchafu ule, mahali panapotosha kufunikwa na kidole gumba, pazia la wodini lilikuwa bado lipo. Katika maisha yangu nimelaani uzembe wa ofisi mara nyingi kuliko nilivyokula. Siku hiyo nilikaribia kuusifu. Kama wangefanya kazi vizuri, tungekwisha.

Lakini Kurunzi hakutabasamu. Alisema hapo chini ya kitasa X haikufika. Pale X ilipopita kuna rangi nyekundu ya mafuta katikati, na hakuna anayejua imeuma kiasi gani. Huenda fundi mvumilivu akabandua yote kwa wiki kadhaa na kuupata mlango mzima. Huenda akabandua mpaka bati. Yeye hathamini huenda, anathamini kilichosimama mbele yake.

Akaandika bei mbili. Moja ya Shangazi alivyo leo, nyingine ya Shangazi alivyokuwa kabla ya Ijumaa. Kati ya bei hizo ungeweza kununua ng'ombe wawili wa maziwa na ukabakiwa na hela ya majani. Hata ile ya chini, kando ya bei ya kilo ya ofisi ya mji, ilikuwa ni dharau kuzitaja kwa pumzi moja. Nilimuuliza, kwa utani wa hasira, je, tukimalizia milango mitatu kwa rangi ileile ili walau ifanane? Akasema hiyo ingekuwa bei ya tatu, na haina haja ya kuandikwa.

Hapo Mtu wa Mbao akanivuta pembeni. Ni mtu mwema, lazima niseme. Akaniambia nisijisumbue na ofisi, yeye atalipa ile ya juu. Alimheshimu marehemu, na mlango ni mlango tu. Kurunzi alisikia, akajifanya anapanga vifaa vyake.

Ilikuwa hela nyingi. Na binti yangu ana mahitaji, naye alikuwa amesimama pale. Nilifikiri kidogo kuliko nilivyotegemea.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "mlango hukuuharibu wewe. Utalipaje deni la mtu aliyekaa ofisini na kofia?"

"Basi nani atalipa?"

"Lipa kilichopo. Hicho kingine kina mwenyewe."

Akanipa mkono. Binti yangu aliniambia baadaye kwamba pale nilizungumza kama mama yake. Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo, na sidhani kama nitapata nyingine.

Shangazi aliondoka Jumatano, kwa magurudumu yake mwenyewe. Alikohoa mara ya kwanza, mara ya pili akakubali. Binti yangu ndiye aliyeendesha, mimi pembeni, Mtu wa Mbao nyuma na lori lake kwa tahadhari, ambayo haikuhitajika. Nilimwambia binti yangu apite njia ya ofisi ya mji. Hakuna sababu ya kupita huko, ni kuzunguka. Alipita. Watu walitoka madukani. Kinyozi alisimama na mashine mkononi, mteja wake nusu kichwa. Wanawake waliozaa mikononi mwa mke wangu walipunga, na mmoja alimwonyesha mwanawe kwa kidole, akamwambia, si ndani ya hilo ulikuja? Tulipita mageti ya kijani kwa mwendo wa bibi harusi, na mlango wa dereva ulikuwa umefanana nayo kabisa, kana kwamba geti moja lilikuwa limeng'olewa na kutuandama.

Alhamisi nikarudi kwa Bwana Kofia na karatasi ya Kurunzi. Safari hii sikupiga kelele. Niliiweka mezani, nikaomba aisome kwa sauti, kwa kuwa macho yangu hayaoni vizuri herufi ndogo, na kwa kuwa nilitaka wasikie walio meza za jirani. Alisoma. Sumaku, vioo, boliti, zulia, yote. Alipofika kwenye bei ya chini alisimama, akarudia tarakimu, akaisukuma kofia nyuma kidogo. Akachukua orodha yake ya barabara, akafuta "chuma chakavu" kwa rula, mstari ulionyooka, akaandika "gari", akagonga muhuri. Neno moja tu. Nililitazama mpaka wino ukakauka.

Ndipo nikamwomba aendelee, maana kulikuwa na bei nyingine chini yake.

Aliisoma mara mbili. Hakuwa anajifanya, nilimtazama vizuri. Kweli hakuelewa. Aliniuliza inawezekanaje gari liwe na bei kubwa likiwa limepauka, lishuke likipakwa rangi mpya, ya bure, ya ofisi. Wao waliongeza, hawakupunguza.

"Kwa hiyo mzee wangu unataka turudishe X?" akauliza.

Meza ya jirani mtu alicheka. Mimi nilisema hapana. Akasema kama tatizo ni mlango mmoja kutofanana na mingine, rangi bado ipo debe nusu, atamtuma mtu ghalani kwa Mtu wa Mbao hata kesho. Nilimwambia akimtuma mtu na brashi ghalani kule, atarudi bila brashi. Kisha nikamweleza kama nilivyoelezwa, neno kwa neno, kwa sauti ya chini, na nikamuuliza swali langu. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa wake akatoka chumba cha ndani, akasikiliza, akaagiza aitwe yule mpakaji rangi. Mpakaji akaja na mikono yenye kijani, akasema yeye alitumwa kuomba radhi na aliomba.

Wameniambia nisubiri. Nimekuwa nikija kila Alhamisi, wananipa kile kiti, wananisalimia vizuri, hata chai wameshaniletea. Nami kila Alhamisi nawauliza lilelile, bila matusi, mbele ya karatasi yenye muhuri wanaoutambua wenyewe: mlango ule, kabla hamjaja kunisaidia, ulikuwa na thamani gani, na ni nani kati yenu aliyeichukua?